Muulize Bibi Sakristia: Bikira Maria hapakwi rangi ya geti

Barua za safari hii nyingi zimeshuka kutoka mlimani. Parokia kadhaa ziko kwenye maandalizi ya jubilei, na jubilei kwetu Moshi haiji bila ndoo ya rangi. Nimechagua zile zinazogusa vitu vya kale vya ndani ya kanisa, maana hivyo ndivyo vinavyoharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Penye kazi nitakaa, pengine nitapita haraka.

*Shikamoo Bibi, Tumsifu Yesu Kristo. Sanamu yetu kubwa ya Bikira Maria imechakaa. Rangi imebanduka kwenye vazi, kidole kimoja cha mkono wa kulia kimekatika. Mfadhili ametupa rangi ya mafuta na fundi anayepaka mageti amesema ataimaliza kwa siku moja. Wazee wanne wanapinga, na kamati imegawanyika. Tufanyeje?*
Katibu wa kamati ya jubilei, Moshi Vijijini

Marahaba, Milele Amina. Wazee wenu wako sahihi, na ningekuwa jirani ningekuja kuketi nao mlangoni.

Anza kwa kuigonga sanamu taratibu kwa kucha, upande wa nyuma kule chini. Ikilia kama iko wazi ndani, ni plasta ya jasi iliyomiminwa kwenye kalibu. Sanamu nyingi zilizoletwa na wamisionari ni za namna hiyo. Mjini Paris, kwenye mitaa inayozunguka kanisa la Saint-Sulpice, kulikuwa na karakana zilizozitoa kwa wingi, mtakatifu yuleyule kwa kalibu ileile, zikasambaa dunia nzima. Baadaye Wafaransa wenyewe walianza kuzibeza kwamba ni sanaa ya dukani. Mimi sizibezi. Mabibi zetu walizipigia magoti wakati wana wao wako vitani Burma, na hakuna aliyewauliza kama kalibu ilikuwa moja au elfu.

Jasi hiyo ni jamaa ya ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same, na tabia yake ni kunywa maji. Ukungu wa mlimani unaiingia kupitia kitako, mahali pasipo na rangi, kisha unatoka polepole. Ukiipaka rangi ya mafuta mwili mzima umeziba njia. Unyevu unabaki ndani, plasta inavimba, na masika mbili tatu baadaye inaanza kumeguka vipande, safari hii ikiondoka na rangi ya asili na ngozi ya sanamu pamoja.

Halafu kuna uso. Aliyepaka sanamu ile mara ya kwanza alikuwa na kazi moja tu maishani, kupaka nyuso. Shavu lake lina rangi tatu zinazoingiana, na kope zimechorwa kwa brashi nyembamba mno. Fundi wa mageti ni mtu wa maana, geti langu mwenyewe limepakwa na mmoja wao, lakini mpe jicho la Bikira Maria uone. Kuna parokia moja ambako Mtakatifu Yosefu alipotoka kupakwa alikuwa anatazama pembeni, na watoto wa Utoto Mtakatifu wakawa wanageuka kuangalia anachokiangalia.

Angalieni pia dhahabu kwenye pindo la vazi. Ikiwa bado inang'aa baada ya miaka yote hiyo, huenda ni jani la dhahabu ya kweli, nayo haichujuki. Ile rangi ya dhahabu ya kopo ina unga wa shaba ndani yake, na baada ya muda huwa kahawia au kijani. Msiweke ya kopo juu ya ya kweli.

Tena kamati haina mamlaka ya kuamua jambo hili, hata mkipiga kura. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1189, inasema picha au sanamu yenye thamani kwa umri wake, kwa sanaa yake au kwa heshima inayopewa na waamini haitengenezwi bila ruhusa ya maandishi ya Askofu, naye kabla ya kuitoa anawauliza wataalamu. Paroko peke yake hatoshi. Msomeeni mfadhili kanuni hiyo kwa upole, kisha mwombeni fedha za mifereji ya bati, maana naweka dau kwamba ukuta ulio nyuma ya sanamu yenu unalowa.

Mnachoweza kufanya wenyewe ni hiki. Chukueni brashi laini kavu, ile ya kunyolea ndevu ikiwa mpya inafaa, mfute vumbi kuanzia kichwani kwenda miguuni. Maji yasiguse, sabuni isiguse, na kitambaa msitumie, kinanasa kwenye rangi iliyoinuka na kuing'oa. Kidole kilichokatika kitieni kwenye bahasha, andikeni tarehe, kiwekwe sakristia, chumba cha kuhifadhia vyombo vya kanisa. Pigeni picha pande zote. Mishumaa iende mbali, na chombo cha maua chenye maji kiondoke kabisa juu ya kitako.

Na mkishamaliza vumbi, mtambueni Bikira Maria wenu ni yupi, maana mafundi wengi humpa jina jipya bila kujua. Kama mikono imeshushwa na kufunguka, miale inatoka viganjani, naye amesimama juu ya dunia akimkanyaga nyoka, huyo anafuata njozi za mtawa Katarina Labouré, Paris, mwaka 1830. Na baada ya Papa Pius IX kutangaza fundisho la Mkingiwa Dhambi ya Asili tarehe 8 Desemba 1854, sura hiyo ilienea kila mahali. Kama mikono imeunganishwa, rozari inaning'inia, mshipi kiunoni ni wa buluu na kila mguu una waridi la rangi ya dhahabu, huyo ni wa Lourdes, Ufaransa, kama alivyoelezwa na Bernadette, msichana aliyemwona mwaka 1858. Akiwa na moyo kifuani unaoonekana, ni Moyo wa Maria, ibada waliyoipenda sana Mapadre wa Roho Mtakatifu, kwa sababu Padre Libermann alianzisha shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria mwaka 1841, nalo likaungana na lile la Roho Mtakatifu mwaka 1848. Sasa fundi akibakiwa na rangi nyekundu akaimalizia kwenye mshipi, Lourdes imefutika. Mtasali mbele ya nani?

*Bibi shikamoo. Mimi ni mwanakwaya Kilema. Watalii wakishuka Marangu hupita kwetu kuona kanisa, wanatuuliza historia. Sisi tunajua "mwaka 1890" halafu tunaishiwa. Nisaidie.*
Mwanakwaya, Kilema

Marahaba mwanangu. Rudi nyuma kidogo kabla ya hapo, itawashangaza. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alifika Kilema akapokewa na Mangi Masaki, mtawala wa Kichaga wa hapo. Ndiye aliyeandika Ulaya kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wakamcheka. Kwa hiyo Injili ilipita njia yenu miaka zaidi ya arobaini kabla ya misheni ya Kikatoliki, na kuwaambia wageni hilo hakutupunguzii kitu.

Mwaka 1890 alikuja Askofu Raoul de Courmont kutoka pwani, pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, wote wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lililokuwa limefungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mangi Fumba akawapokea na kuwapa mahali. Le Roy alikuwa na mkono wa kuchora, na safari ile aliichora. Huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa Mkuu wa Shirika zima tangu 1896 hadi 1926. Kibosho ilifuata mwaka 1893, kwa Mangi Sina, aliyekuwa amepigana na Wajerumani mwaka 1891. Kisha Rombo Mkuu mwaka 1898. Wakikuuliza kuhusu kahawa, waambie bustani ya misheni ya Kilema ni miongoni mwa mahali pa kwanza ilipooteshwa huku mlimani. Hapo watafungua daftari.

Baada ya hayo usiwachoshe na orodha ya maaskofu. Inatosha kusema Vikarieti ya Kilimanjaro, yaani eneo la misheni ambalo bado halijawa jimbo, ilianzishwa mwaka 1910, Moshi ikawa jimbo mwaka 1953, na Arusha ikakatwa kutoka Moshi mwaka 1963.

Ila wewe una kanisa mbele yako, na kanisa lina tarehe zake ambazo hazikuandikwa popote. Wafundishe wageni kuzisoma kwa watakatifu. Theresa wa Mtoto Yesu, yule mwenye msalaba na mawaridi mikononi, alifariki mwaka 1897, akatangazwa mtakatifu mwaka 1925, akafanywa msimamizi wa misheni mwaka 1927. Kwa hiyo popote utakapomkuta juu ya altare ya pembeni, usikubali mtu akuambie aliletwa na mapadre wa kwanza. Walipofika yeye alikuwa bado msichana wa miaka 17. Sikukuu ya Kristo Mfalme nayo iliwekwa na Papa Pius XI mwaka 1925, hivyo kanisa au picha yenye jina hilo, kama Kanisa Kuu la Moshi mjini, ni ya mwaka huo au baadaye. Ukimkuta Mtakatifu Patrisi ameshika jani lenye pande tatu, fikiria Waayalandi: baada ya Askofu Munsch, wa kwanza wa vikarieti hiyo, walikuja maaskofu Gogarty na Byrne, na watu wa Ayalandi hawasafiri bila Patrisi.

Jambo moja zaidi la kuwaonyesha ni uzito. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kitu chochote kizito kilichotangulia hapo, iwe kengele au kinara cha shaba, sehemu ya mwisho ya safari kilipanda kwa miguu ya watu. Waambie wakiinue kinara kimoja, paroko akiruhusu, halafu watazame mteremko wa Kilema. Hapo maelezo yako yamekwisha, waache wao waseme.

*Bibi, tumenunuliwa Njia ya Msalaba mpya, picha zimechapwa kwenye turubai la plastiki, zinang'aa kweli. Zile za zamani zimefifia, juu ya kila moja kuna kimsalaba cha mbao. Kamati inasema zichomwe. Naomba maoni.*
Mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki), Uru

Usikubali, mama. Hata ukishindwa kuokoa picha, okoa vile vimsalaba vya mbao, maana hivyo ndivyo Njia ya Msalaba yenyewe. Papa Klementi XII mwaka 1731 alithibitisha vituo viwe 14 na kuruhusu viwekwe katika makanisa yote, na kwa desturi ya Kanisa rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, zilifungwa kwenye misalaba 14 ya mbao iliyobarikiwa. Picha ziliongezwa zitusaidie kutafakari. Mmenunua msaada mkataka kuchoma kiini.

Picha za zamani nazo zitazame vizuri kabla hazijashushwa. Kituo cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso, na vituo vitatu vya Yesu kuanguka havimo katika Injili. Vimetoka katika sala za watu, hasa kazi ya Wafransisko. Mchoraji hakuwa na andiko la kumwongoza, kwa hiyo hapo ndipo alipojiachia. Angalia nani amewekwa pembeni: mtoto anayechungulia, mbwa, askari aliyechoka. Mimi nikiwa mdogo nilijua kituo cha tatu kwa sababu ya viatu vya askari tu. Mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II aliongoza pale Koloseo mjini Roma njia nyingine ya vituo 14, vyote vya Maandiko, kwa hiyo kubadilisha si dhambi. Ila turubai linalong'aa, saa tisa ya Ijumaa Kuu, jua likiingia dirishani, litaakisi mwanga na hamtaona chochote kuanzia kituo cha nane. Jaribuni kwanza kwa Ijumaa moja ya Kwaresima.

*Bibi, kwenye mlango wa tabernakulo yetu, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, kuna ndege mkubwa anajidonoa kifua na vifaranga vitatu chini. Padre alikuwa na haraka. Mwenzangu anasema ni bata.*
Mwanafunzi, Arusha

Ni mwari. Panda basi uende Ziwa Manyara utamwona akiwa mzima, ana mfuko chini ya mdomo na anakula samaki. Watu wa kale waliona anavyoukandamiza mdomo kifuani wakadhani anajitoboa ili awanyweshe watoto damu yake. Si kweli, lakini Wakristo waliona hapo mfano wa Kristo katika Ekaristi, na Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alimwita Yesu mwari katika utenzi wake wa Ekaristi. Ndiyo maana yuko mlangoni mwa tabernakulo na hayuko kwenye kisima cha ubatizo. Mwambie mwenzako bata hana kazi hapo.

*Shikamoo Bibi. Mimi fundi rangi. Nimepewa kazi ndani ya kanisa la zamani la mawe. Ukutani kuna misalaba 12 ndani ya duara, kila mmoja una kishikio cha mshumaa. Msimamizi anasema nikate vishikio nisawazishe kwa plasta ya saruji. Roho inasita.*
Fundi, Himo

Marahaba, na roho yako ikisita tena isikilize. Acha brashi, nenda kwa paroko leo.

Hiyo misalaba ni cheti cha kanisa. Kanisa linapotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu rasmi, Askofu huzunguka akipaka ukuta Krisma, mafuta yaleyale ya Kipaimara na ya Upadre, na kwa utaratibu wa zamani alipaka mahali 12, moja kwa kila Mtume, kufuatana na Ufunuo 21:14, ambapo ukuta wa mji una misingi 12 yenye majina yao. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya kutabaruku mishumaa huwashwa pale. Siyo kila kanisa linayo: kanisa lililobarikiwa tu bila kutabarukiwa halina. Kwa hiyo msimamizi wako anakutaka ufukie ushahidi kwamba kanisa hilo lilipata heshima hiyo. Ukipaka ukuta, zungushia kila duara karatasi ya gundi, pita pembeni.

Kuhusu saruji, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, kati ya jiwe na jiwe. Kama kinachotoka ni cheupe, laini, kinasagika kwa vidole, ni chokaa. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua, ukiupiga saruji unyevu hukwama nyuma yake, na mwaka wa pili utaitwa urudie kazi bila malipo. Omba chokaa. Ukiambiwa ni ushamba, jibu kwamba ukuta umesimama tangu enzi za babu zao bila saruji yao.

*Tumsifu Yesu Kristo Bibi. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano altare yetu ya zamani ya ukutani haitumiki, vinara vyake vimewekwa stoo. Amekuja bwana mmoja na gari kutoka Arusha, ananunua "vitu vya shaba vya kanisa" kwa kilo. Ametaja na kile kisanduku kidogo chenye masalia ya mtakatifu. Mwenyekiti anaona ni fedha za kumalizia choo.*
Mtunza sakristia, mlimani

Milele Amina, mwenzangu wa kazi.

Masalia matakatifu, yaani mabaki ya mwili au vitu vya mtakatifu, hayauzwi. Kanuni ya 1190 inasema ni marufuku kabisa, haina "isipokuwa", na hata kuyahamisha kwa kudumu yale makubwa kunahitaji ruhusa ya Kiti cha Kitume, yaani Roma. Hapo mazungumzo yamefungwa.

Kuhusu vinara, watu huusingizia Mtaguso. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963, na mwaka uliofuata yakatoka maelekezo kwamba altare kuu ifae kuzungukwa na padre aweze kuadhimisha akiwaelekea watu. Hakuna palipoandikwa kwamba ile ya ukutani ivunjwe. Hati ileile, namba 126, inawaamuru maaskofu wawe macho vyombo vitakatifu na kazi zenye thamani visiuzwe wala kutawanywa, maana ni mapambo ya nyumba ya Mungu. Vinara vyenu vinaweza kurudi juu ya altare ya zamani kesho asubuhi, hata kama Misa inaadhimishwa kwenye ile ya mbele.

Wewe fanya kazi moja kabla ya Jumapili. Chukua daftari la kurasa nyingi, andika kila kitu kilichomo sakristia na stoo: kitu gani, urefu kwa sentimita, kimetengenezwa kwa nini, kina maandishi gani chini ya kitako. Vipindue, mara nyingi jina la karakana liko huko. Paroko na wewe mtie sahihi, nakala moja ibaki parokiani na nyingine iende ofisi ya jimbo. Kanuni ya 1283 inadai orodha hiyo, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza umepewa kazi na nani. Kinara kikishakuwa na namba na picha, mnunuzi wa kilo hukiogopa.

Yule bwana akirudi na gari, mkaribishe kwa heshima zote. Mwambie aandike barua ya maombi, aambatishe nakala ya kitambulisho chake, kisha abaki mpaka matangazo ya Misa ya pili ili paroko aisome mbele ya waamini.

*Maswali mapya yaletwe pamoja na picha ya kitu chenyewe iliyopigwa mchana, bila flashi.*